Habari Ni Mali: Namna ya Kuitafuta, Kuipima na Kuitunza

Mwanafunzi atokaye shule ya sekondari akaingia Chuo Kikuu hukuta badiliko moja kubwa ambalo watu wachache humwonya mapema. Hapa shuleni mwalimu huandika ubaoni, nasi twanakili. Likiulizwa swali katika mtihani, jibu limo daftarini. Kule Chuo Kikuu mhadhiri huingia, husema kwa saa moja, hutaja vitabu vitano na majarida matatu, kisha huenda zake. Yaliyobaki ni kazi yako. Tangu siku hiyo kusoma si kukumbuka tu ulichoambiwa, bali ni kujua habari iko wapi, ina ukweli kiasi gani, na utaiweka wapi upate kuiona tena.

Mhariri ameniomba niandike somo juu ya jambo hili, kwa kuwa nilisoma katika shule hii, nikaendelea na masomo Mbarara, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuwasaidia wanafunzi katika maktaba ya chuo. Nimekubali kwa furaha, maana nimeona vijana wenye akili nyingi wakianguka, si kwa uvivu, bali kwa sababu hawakujua kutafuta, au waliamini kila walichokiona, au walipoteza walichokwisha kupata. Ustadi wa mambo hayo ulipewa jina na Mmarekani Paul Zurkowski mwaka 1974, na siku hizi hufundishwa katika vyuo vingi duniani. Kwa Kiswahili tuuite ustadi wa habari.

Mifano yangu mingi nitaitoa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Wengine wenu mmetoka huko, na wengine mwakaa Mbarara mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi. Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Wahabeshi wanakaa pale pamoja, zaidi ya watu laki moja. Lakini sababu yangu kubwa ni hii: kule habari si mchezo wa darasani. Tarakimu moja yaweza kupunguza chakula cha watu, karatasi moja yaweza kumfungulia mtoto mlango wa shule, na jina moja likitajwa ovyo laweza kumtia mtu hatarini.

I. KUTAFUTA

Anza na swali, usianze na neno. "Nataka kuandika juu ya wakimbizi" si swali, ni pori. Lakini ukiuliza, "Mashamba waliyopewa wakimbizi wa Nakivale yamepunguaje kadiri watu walivyoongezeka?" hapo umekwisha kupata njia. Sasa wajua unatafuta mashamba, idadi ya watu, na miaka.

Kisha andika katika karatasi majina yote ambayo jambo lako laweza kuitwa. Hapa ndipo wengi hupotea. Ukiandika "Nakivale" katika mtambo wa kutafutia, utapata mengi, lakini hutapata yote, maana maandishi mengi ya zamani, na hata mengine ya siku hizi, huandika "Nakivali", kwa herufi i mwishoni. Mwaka 2006 ardhi oevu ya ziwa Mburo na ziwa hilo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar, na katika orodha hiyo jina ni Nakivali. Mtu aandikaye juu ya samaki au mafuriko ya pale asipojua hivyo, atasema hakuna kilichoandikwa, kumbe kiko tele.

Wilaya nayo imebadilika jina. Siku hizi twasema Nakivale iko Isingiro, lakini Isingiro ilikatwa kutoka wilaya ya Mbarara katikati ya miaka ya 2000, na kabla ya hapo Mbarara nayo ilikuwa ndani ya Ankole. Kwa hiyo atafutaye habari za mwaka 1965 na aulizie Ankole; wa mwaka 1995 na aulizie Mbarara. Tena, watu husema "kambi", lakini Serikali husema "makazi", kwa kuwa mkimbizi wa pale hupewa kiwanja na shamba, hakai katika hema tu. Tafuta kwa maneno yote mawili. Nanyi mliokuja na Kifaransa kutoka Kongo au Burundi, msikifiche: mna mlango ambao wenzenu hawana.

Maktabani hali ni hiyo hiyo. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa tarakimu alizozitunga Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Udaktari uko 610, kilimo kiko 630, na historia ya Uganda iko 967.61. Lakini kitabu juu ya wakimbizi chaweza kuwekwa 325 pamoja na uhamaji wa mataifa, au 362.87 pamoja na misaada, au palepale 967.61. Usisimame mbele ya rafu moja ukasema, "Hamna." Muulize mkutubi. Yeye si bawabu wa kukagua mifuko; ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Makerere ilifungua shule ya ukutubi kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima tangu mwaka 1963.

Wale watakaosoma udaktari au uuguzi, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Tekinolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989 au kwingineko, wajue jambo moja la faida. Majarida makubwa ya tiba huuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi hata kuiota. Basi mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapaji walianzisha mpango uitwao Hinari, ili vyuo vya nchi zenye kipato kidogo visome majarida hayo bure au kwa malipo madogo. Baadaye mpango wa kilimo na mingine ikaunganishwa nao chini ya jina la Research4Life. Kabla ya kulipia makala kwa pesa zako, muulize mkutubi kama chuo chako kimejiandikisha.

Mwisho, kitabu kimoja chema huzaa vingine. Ukikipata, soma orodha ya marejeo iliyo nyuma yake. Mwandishi amekutangulia kutafuta. Fuata nyayo zake.

II. KUPIMA

Wazee husema lisemwalo lipo. Msemo huo wafaa barazani, lakini katika masomo haufai. Habari yoyote ikikujia, iulize maswali matatu: Nani asema? Alijuaje? Alisema lini?

Chukua swali jepesi: makazi ya Nakivale yalianza lini? Fungua maandishi matano, utaona mengine yasema 1958, mengine 1959, na mengine 1960. Mwanafunzi mvivu huchagua mwaka anaoupenda. Mwangalifu huuliza kila mwaka unahesabiwa tangu nini. Wasemao 1960 wahesabu tangu makazi yalipotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali. Wasemao 1958 wahesabu tangu mahali hapo palipofunguliwa. Hata hapo asiache kufikiri. Maandishi mengi husema kwamba pale palifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Lakini machafuko makubwa yaliyowafukuza yalianza Novemba 1959! Nyumba ya wageni yaweza kujengwa kabla wageni hawajafika, lakini haiwezi kujengwa kwa sababu ya hodi ambayo haijapigwa. Basi sentensi hiyo ina kasoro, ingawa imenakiliwa mara nyingi. Maandishi kumi yaliyonakiliana ni shahidi mmoja, si mashahidi kumi. Dawa yake ni kurudi kwenye maandishi ya kwanza: Gazeti la Serikali la wakati ule, taarifa za wilaya ya Ankole, na magazeti ya siku zile.

Swali la "lini" ndilo linalosahauliwa zaidi. Siku moja alinijia msichana wa mwaka wa tatu, amenuna, na kazi yake mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nimeandika kwamba Uganda ilikuwa na wakimbizi milioni 1.4, na msimamizi wangu amepiga mstari mwekundu. Mimi sikutunga. Nimeitoa katika ripoti."

"Ripoti ya mwaka gani, dada?"

"2017."

"Nawe umeandika kuwa ni hesabu ya mwaka gani?"

Akafungua ukurasa, akasoma, akanyamaza. Alikuwa ameandika "mwishoni mwa mwaka 2018".

Ripoti yake haikuwa ya kubuni, milioni 1.4 ndiyo hesabu iliyotumiwa wakati ule. Lakini mapema mwaka 2018 ilizuka tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi imeongezwa. Ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zikaanza kuwahakiki watu wote upya, mmoja mmoja, kwa alama za vidole na kwa picha ya mboni ya jicho. Kazi ilianza mwezi Machi ikaisha Oktoba, na waliohakikiwa walikuwa milioni 1.1 hivi. Watu laki tatu, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, walikuwa wa karatasini tu. Fikirini maana yake. Chakula, dawa na madarasa hupangwa kwa hesabu ya watu. Hesabu ikiwa ya uongo, wafadhili huacha kuamini, na atakayeumia ni yule mama wa kweli aliye katika foleni. Tangu hapo idadi imepanda tena kupita ile ya 2017, maana vita vya Kongo na vya Sudan vimeleta watu wapya. Kwa hiyo tarakimu ya wakimbizi isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na jina la mpelekaji.

Wala msidhani jarida kubwa haliwezi kukosea. Mwaka 1998 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapa makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12 tu, wakiihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na ugonjwa wa usonji. Wazazi wengi wakaogopa chanjo. Uchunguzi wa watoto wengi zaidi haukuona uhusiano huo, udanganyifu ukafichuka, na mwaka 2010 Lancet yenyewe ikaifuta makala hiyo. Makala iliyofutwa haitoweki duniani. Bado utaiona, na bado watu huituma kwa simu. Kabla ya kutumia makala ya tiba, tazama kama imefutwa. Kosa hapo halikuleti alama mbaya tu; laweza kumnyima mtoto chanjo.

Siku hizi pia ziko programu za kompyuta zijibuzo maswali kwa lugha tamu, kama ChatGPT iliyotoka mwaka 2022. Nawaona wanafunzi wakizitumia, nami siwakatazi. Lakini programu hiyo hupanga maneno yanayofuatana vizuri. Haikuahidi kwamba yatakuwa kweli. Yaweza kukutajia kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, na kitabu hicho hakijapata kuandikwa. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja yenye kesi sita zilizotungwa na programu hiyo. Jaji akazitafuta asizione, akawatoza pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Kanuni ni fupi: usitaje kitabu ambacho hukukifungua mwenyewe.

Na nyumbani je? Ninyi mnaosoma ndio wazee huwageukia ujumbe unapoingia kwenye simu ukisema, "Majina ya kwenda Kanada yametoka, lipa fomu upesi." Muulizeni ujumbe huo maswali yale matatu. Nani asema? Hana jina. Alijuaje? Hasemi. Lini? Hauna tarehe, bali una haraka. Haraka ni dalili ya pili ya uongo. Ya kwanza ni pesa. Huduma za Shirika la Wakimbizi hazilipiwi, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi. Baba akiuza mbuzi wake kwa fomu ya bandia wakati mtoto wake yuko chuoni, elimu ile imemfaa nini?

III. KUTUNZA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi aliyesoma vitabu ishirini asiandike alivyovisoma ni kama mwenye duka asiyejua nani amemkopa.

Kila unaposoma, kabla ya kuandika neno lolote, andika kwanza mambo matano: jina la mwandishi, jina la kitabu au makala, mwaka, mchapaji au jarida, na ukurasa. Ikiwa umeisoma katika intaneti, ongeza anwani yake na siku uliyoisoma. Kisha andika maelezo yako. Maneno ya mwandishi mwenyewe yatie katika alama za kunukuu. Mawazo yako yaandike kwa wino wa rangi nyingine. Usipofanya hivyo, baada ya miezi mitatu hutajua lipi lako na lipi lake, nawe utaitwa mwizi wa maandishi bila kukusudia.

Faili zenu za kompyuta zipeni majina yanayosema. Faili iitwayo "kazi mpya ya mwisho kabisa 2" haisemi neno. Andika mwaka, mwezi na siku kwanza, kisha jambo: "2025-03-14 mashamba Nakivale mahojiano". Zikianza na tarehe hivyo, zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Kila somo na liwe na folda yake, na kila Jumamosi tenga nusu saa ya kupanga.

Halafu nakala. Wataalamu wana kanuni ya tatu, mbili, moja: uwe na nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa mwanafunzi wetu maana yake ni hii: nakala moja katika kompyuta, ya pili katika flashi aliyoiacha kwa ndugu anayemwamini, na ya tatu katika barua pepe yake au ghala la intaneti. Flashi iliyo ndani ya mkoba uleule wa kompyuta si nakala. Mwizi wa mkoba huchukua vyote viwili. Tena Nakivale mvua hupenya paa, na umeme wa jua huisha katikati ya sentensi. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, usingoje mwisho.

Karatasi za maisha zataka uangalifu kupita hizo. Hati ya kuzaliwa, cheti cha shule, barua ya mkimbizi, matokeo ya mtihani: zipige picha zinazosomeka, zitunze kwa kanuni ileile ya nakala tatu, na zile za asili zitie katika mfuko wa plastiki mkavu. Nimeona watu waliovuka mpaka bila kitu, walioweza kufundisha hesabu lakini hawakuweza kuonyesha cheti kimoja, ikawabidi waanze upya. Vita havimwulizi mtu kama yuko tayari. Mwenye picha ya cheti chake katika barua pepe amevuka mpaka na elimu yake.

IV. KUTUMIA KWA HAKI

Habari nyingine si zako, ijapokuwa umeandika wewe. Wanafunzi wengi wa Mbarara huenda Nakivale kuwahoji wakimbizi kwa ajili ya tasnifu zao. Utafiti wa namna hiyo hauanzi kwa kupanda gari. Hauna budi kupitiwa na kamati ya maadili, kuandikishwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Tekinolojia, na kupata ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu kuingia makazini. Na tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi.

Wengine huona hayo ni usumbufu. Sivyo. Mtu aliyekimbia amemkimbia mtu. Akikueleza alitoka kijiji gani, ndugu zake wako wapi, na nani aliyemfuata usiku, amekupa kitu ambacho adui yake angekinunua. Basi usiandike jina lake juu ya maelezo hayo. Mpe nambari, orodha ya majina na nambari iweke mbali, imefungwa kwa neno la siri, na kazi ikiisha, fanya kama ulivyomwahidi. Picha yake usiitie katika simu ya kikundi. Na akikataa kusema, mshukuru, uende. Alama za mtihani hazilingani na usalama wa mtu.

MAZOEZI

1. Tafuta habari za ziwa Nakivale mara mbili, kwanza kwa e mwishoni, kisha kwa i. Andika mambo matatu uliyoyapata mara ya pili ambayo hukuyapata mara ya kwanza.

2. Chagua tarakimu moja yoyote juu ya Uganda iliyo katika kitabu chako cha jiografia. Ni ya mwaka gani? Nani aliihesabu? Je, iko mpya zaidi?

3. Chukua ujumbe mmoja ulioingia kwenye simu ya nyumbani kwenu wiki hii, uuliize maswali matatu ya somo hili. Andika majibu yake, kisha uwasomee wazazi.

4. Hesabu vyeti na hati zako zote. Kila kimoja kina nakala ngapi, na ziko wapi?

Majibu ya zoezi la kwanza na la pili yapelekwe kwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya mwisho wa muhula. Zoezi la tatu na la nne yafanywe leo jioni.